Siku Nilipoiharibu Cherehani ya Mama

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha siku tatu tu, lakini siku hizo tatu nilikonda kana kwamba nilikuwa nimelazwa hospitalini.

Ilikuwa mwezi wa Disemba mwaka wa 2024, shule zikiwa zimefungwa. Sisi tunaishi Kiwanjani, mtaa unaopakana na kiwanja cha ndege cha Isiolo, na wenye kupajua kwetu wanajua kwamba upepo wa huku haubishi hodi. Huingia dukani na vumbi lake likatua juu ya vitambaa, juu ya meza, hata ndani ya kikombe cha chai. Mama yangu ni fundi wa nguo. Kwa miaka mingi alishonea Singer ya kukanyaga kwa miguu, cherehani nyeusi aliyoachiwa na nyanya, mpaka chama chao cha akina mama kilipomkopesha pesa akanunua Juki ya umeme iliyokwisha kutumika. Lo! Hiyo si cherehani ya mchezo. Ni ya kiwandani, ya Kijapani, na ikiwa mpya yaweza kupiga mishono zaidi ya 5,000 kwa dakika moja. Ubaya wake ni kwamba mota yake hunguruma na kula tokeni hata wakati hushoni kitu.

Mwezi huo mama alikuwa amepewa kazi ya sare za shule ya msingi, sketi 40 na kaptura 35, zote ziwe tayari kabla ya Januari. Katika pesa hizo ndimo ilimokuwa karo yangu pamoja na deni la muhula uliopita. Kwa hiyo msomaji, elewa vizuri nilichokifanya.

Jumamosi moja mama alikwenda Meru kununua kitambaa, akaniachia sketi nizipinde chini. Nilikuwa nimeshona kama saba hivi, nikijiona fundi kamili, wakati sindano ilipovunjika. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimebadilisha sindano za Singer mara nyingi. Lakini sindano ya Singer yetu ina ubavu mmoja bapa kule juu, kwa hiyo haikubali kuingia ila kwa njia moja. Ya Juki ni mviringo pande zote, inaingia vyovyote utakavyo. Nikaitia, nikakaza, nikatunga uzi, nikakanyaga. Ikaanza kuruka. Mshono mmoja unashika, mitatu haishiki, uzi unabaki umelala juu ya kitambaa kama mlenda.

Hapo ndipo shetani alinipitia. Niliwahi kuona fundi mmoja akiilaza cherehani kama hiyo kwa nyuma na kuchokora chini yake kwa bisibisi. Nikasema, kwani yeye ana nini nisichokuwa nacho? Nikazima umeme, nikailaza, nikaona ile kulabu ya mviringo inayozunguka bobini na kudaka uzi wa sindano. Nikalegeza skrubu zake tatu, nikaizungusha kidogo hivi, kidogo vile, nikakaza. Nilipojaribu nilisikia ka! Sindano ya pili ikavunjika na kipande chake kikarukia shavu langu. Jasho lilinitiririka. Nikatia sindano ya tatu vile vile kama ya kwanza, nikaifunika cherehani kwa leso yake, nikaenda kupika ugali.

"Hii imekuwaje?" mama aliuliza jioni.

"Sijui, mama. Ilianza tu yenyewe."

Usiku huo mama alirudi kwenye Singer. Nililala nikisikia kanyagio likilia kwaka-kwaka mpaka usiku wa manane, na mama ana goti linalomsumbua. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu, iliyo mbaya kuliko zote, alianza kusema kwamba yule mtu aliyemuuzia alimdanganya, akamwuzia mzoga, na kwamba akitoka hapo anakwenda kwa chifu kumshtaki. Yule bwana hakuwa na kosa hata chembe. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale nikikata nyuzi, ulimi umekuwa mzito kama jiwe.

Kabla hajaenda kwa chifu, alifika mzee mmoja fundi wa cherehani aliyekuwa ameitwa na jirani.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam, mzee, karibu."

Hakushika bisibisi. Alivaa miwani, akaitazama sindano tu, kisha akailaza cherehani na kutazama zile skrubu. Zilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Akanigeukia mimi, si mama.

"Binti yangu, nani alibadilisha sindano hapa?"

Nikaanza kulia kabla ya kujibu. Nilieleza yote, hata uongo wangu wa "yenyewe". Mama hakusema neno. Ni afadhali angenichapa.

Yule mzee alinivuta kiti. "Kaa hapa uone ulichovunja." Akanionyesha kwamba sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, na upande wa pili, juu ya tundu, ina kibonde kidogo. Katika cherehani hiyo mfereji hutazama kushoto, na kibonde hutazama kulia ilipo kulabu. Mimi nilikuwa nimeigeuza. Kosa la kwanza lilikuwa hilo tu, la nusu dakika! Taimingi niliiharibu mwenyewe nikitafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kisha akaizungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ikafika chini kabisa, akaipandisha kama milimita 2, na hapo ndipo ncha ya kulabu inapotakiwa kuwa nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu, iwe karibu kuigusa lakini isiiguse. Nafasi yake haizidi unene wa karatasi. Alifanya mara nne ndipo akaridhika. Akafungua bamba lililo juu ya meno ya kuvutia kitambaa, akatoa manyoya ya nyuzi na vumbi la Isiolo lililoshikana kama blanketi. Mafuta nayo yalikuwa yameshuka chini ya alama ndani ya trei. Mwisho akaning'iniza nyumba ya bobini kwa uzi wake: iliteremka polepole, ikisimama kila alipotikisa mkono. "Ikianguka kama ndoo kisimani, imelegea. Isiposhuka, umeikaza mno."

Mama alimlipa. Kisha akanipa simu yake. "Mpigie yule bwana uliyenifanya nimwite mwizi." Nilimpigia, sauti ikinitetemeka. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama tunakumbuka kutia mafuta.

Siku hizi kila Jumamosi kusafisha Juki ni kazi yangu, na nikitia sindano huupapasa mfereji kwa ukucha kabla ya kukaza. Bisibisi mama huificha. Zile sare tulizimaliza jioni ya kuamkia siku ya kufungua shule, ila sketi ya mwisho tuliishonea Singer kwa sababu stima ilikuwa imepotea mtaa mzima.