Huku Chai Huliwa

Shangazi,

Nimefika Leeds salama na mabegi yangu yote. Baridi ya huku tutaizungumza siku nyingine; leo nina habari ya chai, na najua habari ya chai wewe huikatizi.

Shangazi, watu wa kaskazini ya Uingereza hula chai. Jana jioni mwenyeji wangu, mama wa makamo aliyezaliwa na kukulia hapa hapa Yorkshire, alimpigia simu mwanawe aliyechelewa kazini, akamwambia "tea" yake iko ndani ya oveni. Nikachungulia. Sahani imejaa viazi vya kuponda, soseji (za kuku, kwa heshima yangu), njegere, na mchuzi mzito wa kahawia umemwagwa juu ya vyote. Hiyo ndiyo "tea". Ile ya kikombe ilikuja baadaye, sahani zilipokwisha kuondolewa.

Mtoto wa huku akirudi shule huuliza leo "tea" ni nini, akitaka kujua kama jioni kuna makaroni au samaki. Chakula cha mchana nacho hukiita "dinner", na kina mama wanaopakua chakula shuleni huitwa "dinner ladies", ingawa kazi yao huisha jua likiwa bado utosini. Sasa shuka kusini, au ingia kwa wenye nazo popote pale: "dinner" inahamia usiku, mchana kunakuwa na "lunch", na "tea" inarudi kuwa kikombe cha saa kumi na kitafunio kidogo. Kwa hiyo mtu akikualika "tea", mtazame kwanza katokea wapi. Waingereza hawaulizani waziwazi habari za ukoo wala mali, ila msikilize mtu anavyouita mlo wake wa jioni, nusu ya habari zake utakuwa umeshazipata.

Usiwacheke lakini. Wewe ukimwambia mtu "njoo tunywe chai", nani alishatoka kwako bila mahamri na mbaazi tumboni? Habari ya chai inayodaiwa barabarani na wenye sare sikuwagusia kabisa. Niliitunza heshima ya nyumbani.

Nilipopita London niliiona ile chai ya kifahari: visandwichi vya tango vilivyokatwa kingo, keki za kidole kimoja, vyote vimepangwa kwenye sahani za ghorofa tatu. Kwa bei yake ungepika pilau ya khitma. Desturi hiyo huhusishwa na Anna, mke wa Duke wa Bedford, miaka ya 1840 hivi. Wakubwa walikuwa wameusogeza mlo wao hadi saa mbili usiku, njaa ikawa inamshika alasiri, akaagiza chai na mkate wa siagi, kisha akaanza kuwaita mashoga zake.

Mfanyakazi wa kiwandani au mgodini angepata wapi nafasi ya kukaa na mashoga saa kumi? Alirudi saa kumi na mbili na njaa ya kweli, akakuta birika la chai mezani pamoja na mkate, jibini na nyama. Mlo huo ndio ulioitwa "high tea", na wengi husema sababu ni meza ya kulia, iliyo juu kuliko vijimeza vya sebuleni. Leo wageni wakisikia "high" hudhani ni jambo la watukufu, na zipo hoteli zinazowauzia matango kwa jina la mlo wa mchimba makaa. Mimi hapo niko upande wa mchimba makaa.

Na maskini huyo asingeipata chai kwa urahisi kama si mwaka 1784. Kabla ya hapo ushuru wa chai ulikuwa asilimia 119, na majani mengi yaliingia usiku kwa magendo. Serikali ikaushusha hadi asilimia 12.5, biashara ya magendo ikadorora, chai ikaingia jikoni kwa kila mtu.

Jina lenyewe lilitoka Fujian, pwani ya China, ambako husema "te", likaja Ulaya na wafanyabiashara wa Kiholanzi. Letu lilizungukia Uajemi na India. Waingereza wa zamani walilitamka "tei": Alexander Pope, katika shairi lake la 1714, alilitia kwenye vina pamoja na "obey". Siku hizi wamelichukua na letu pia. Mikahawani wanauza "chai tea", yaani chai ya chai, kwa maana ya chai iliyotiwa viungo. Nilipoiona kwenye ubao nilikukumbuka wewe na iliki zako.

Jikoni kwa mwenyeji wangu kuna paketi kubwa ya Yorkshire Tea, na anaisifu kama vile majani yamechumwa uani kwake. Nikamwambia humo mna ya Kenya, na kwamba mnada wa chai uko kwetu Mombasa tangu 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi. Nikamweleza magodauni ya Shimanzi na harufu yake. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema ladha inaletwa na maji ya hapa. Nikanyamaza, chai yake nzuri.

Kesho nakwenda Harrogate, kwenye mkahawa wa Bettys uliofunguliwa na Mswisi mwaka 1919, nione Mswisi aliwafundisha nini watu hawa. Jumamosi jirani amenialika "tea". Nimepeleleza: ametokea Kent, kusini kabisa. Nitakula kwanza.

Nisalimie wote Mji wa Kale.

Mtoto wa kaka yako