Neno kwa Asiyeacha

Kwetu mtu akitenda jambo la ajabu huulizwa, "Umevuta bangi?" Ni mzaha wa barazani. Lakini mimi niliyezoea kupima maneno, kwanza katika utenzi kisha katika tafsiri, naona mzaha huo umetuponza. Umelifanya jani hilo ama kichekesho ama laana, na baina ya viwili hivyo nasaha imekosa pa kukaa.

Nasaha nimeikuta katika mwongozo wa wataalamu wa Kanada, uliotolewa mwaka 2011 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2017, mwaka mmoja kabla ya nchi hiyo kuhalalisha bangi. Toleo hilo la 2017 lina mapendekezo 10. La kwanza angelitamka mzazi yeyote wa Unguja: salama ya kweli ni kutotumia. Ila mwongozo haukomei hapo. Unasema pia na asiyeacha: madhara huzidi kwa aanzaye mapema, hasa kabla ya miaka 16, jiepushe na bangi kali, na zaidi ile ya kuundwa maabara, usitumie kila siku, usiubane moshi kifuani, usiendeshe gari mpaka zipite saa zisizopungua 6. Ama mja mzito, na yule ambaye katika ukoo wake umepita ugonjwa wa akili wa kupotewa na uhalisi, hao wasiiguse kabisa.

Nilipoyatia maneno hayo katika Kiswahili, lililonishughulisha zaidi ni "punguza". Mzee mmoja alinambia, "Ukisema punguza, umeruhusu." Nayaheshimu maneno yake, na sheria yetu inakataza. Lakini kijana anayeambiwa "acha" peke yake, siku asipoacha hana tena la kusikia kutoka kwetu. Atasikiliza wenziwe, na wenziwe ndio wanaomfundisha kuubana moshi.

Zaidi ya hayo, katika nyumba zetu maradhi ya akili ni siri. Ami aliyefungiwa chumba cha uani hatajwi mbele ya watoto. Basi mtoto wa nyumba hiyo atajuaje kwamba msokoto anaopewa kichochoroni una hatari kwake kuliko kwa mwenziwe? Mzaha hautamwambia, wala laana. Atambiwe na mtu wa nyumbani, kwa sauti ya chini, na ami atajwe kwa jina lake.