Jiko Ndani ya Kamyo: Safari ya Whitehorse hata Beaver Creek

Kwetu Bukavu, usiku wa kiangazi, upepo ukitoka ziwani watu hujifunika blanketi mbili na kusema: "Leo kuna baridi." Mimi nami nilikuwa nikisema hivyo. Lakini tangu Februari ile niliyopanda kamyo ya zamani ya askari katika nchi ya Yukon, kaskazini-magharibi ya Kanada, neno hilo nalitumia kwa uangalifu.

Mpwa wangu ni muuguzi katika mji wa Whitehorse, ulio makao makuu ya Yukon tangu mwaka 1953. Nilikwenda kumtazama. Jirani yake ni mzee mmoja aliyefanya kazi ya barabara maisha yake yote, na aliposikia ya kuwa nina hamu ya kuiona barabara kuu ya Alaska, alinijia na habari fupi. Dada yake, mjane, anakaa Beaver Creek, karibu na mpaka wa Alaska, mwendo wa kilometa 450 na zaidi. Jiko lake la chuma limepasuka, naye analala kwa jirani huku nyumba yake ikiganda. Mzee amekwisha kununua jiko jingine, Alhamisi atampelekea. Kiti kimoja ki wazi.

"Mjomba," mpwa wangu aliniambia usiku ule, "usimwone mzee anacheka ukadhani mnakwenda arusini. Huko moteri ikizimika, watu huanza kuhesabu dakika." Akanipa viatu vya manyoya, suruali mbili za kuvaa moja juu ya nyingine, na kofia ya kufunika masikio. Nilijiona kama gunia la pamba lenye miguu.

Asubuhi kipimo kilionyesha digrii 38 chini ya sifuri. Kamyo ilikuwa inanguruma tayari. Wasomaji wetu wamekwisha kuona kamyo za namna hiyo, zenye magurudumu kumi, pua ndefu, na rangi ya majani makavu. Hii ilikuwa ya aina ya M35, ambayo kampuni ya REO ya Marekani ilianza kuiundia jeshi karibu na mwaka 1950. Moteri yake ina silinda sita. Hunywa mazuti, lakini ikibidi hukubali hata petroli ya taa na esansi, kwa maana askari vitani hawachagui chakula. Ni gari la nguvu, lisilo na adabu. Waliolitengeneza walifikiri mzigo, matope na milima. Juu ya miguu ya dereva hawakufikiri sana. Nyingi zilitoka kiwandani na paa la turubai, pasipo kitu cha kutia joto ndani ya kabini. Jeshi lilikuwa na vifaa vya kuongeza kwa ajili ya nchi za barafu, lakini kamyo iliyouzwa baadaye kwa raia mara nyingi haina. Anayeinunua hujitafutia joto mwenyewe.

Mzee alinieleza jinsi alivyolitafuta, nasi tukiwa bado uani. Majira ya kwanza aliendesha amevaa kama mwindaji, na ncha ya kidole kimoja cha mguu ilibaki huko njiani. Majira ya pili alitaka kuweka ndani jiko dogo la petroli ya taa. Mkewe alisimama mlangoni akakataa, naye alikuwa na haki. Kabini iliyofungwa ni chumba kidogo. Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu husinzia kwa utamu asiamke. Wengine walijaribu kuchukua joto la bomba la moshi. Hilo nalo, bomba likitoboka, huleta sumu ile ile.

Basi alifuata njia ya maji. Moteri yoyote inayopozwa kwa maji hutupa joto jingi bure mbele ya gari. Mzee alitoa mpira mmoja pale maji ya moto yanapotoka kwenye moteri, akaupitisha katika ukuta wa kabini hadi kwenye radiata ndogo chini ya dashibodi. Mpira wa pili unarudisha maji upande pompu inapoyavuta. Nyuma ya radiata hiyo kuna feni. Hewa inapita katikati ya mirija ya moto, na nusu yake inapelekwa kwenye vioo vya mbele, maana kioo kikifunikwa na barafu ya pumzi, joto la miguu halifai kitu.

Ukisoma hivyo unaona ni kazi ya siku moja. Ilimchukua majira matatu. Feni ya kwanza aliitoa katika gari dogo, nayo hutumia volti 12. Kamyo ya askari ina volti 24, yaani bateri mbili zilizofungwa moja baada ya nyingine. Akaiunga feni kwenye bateri moja tu, akijiona mwerevu. Kumbe bateri ile ikawa inatoa zaidi ya mwenzake, na dinamo inazijaza zote mbili kwa kipimo kimoja. Moja ikabaki na njaa daima, nyingine ikashiba kupita kiasi hata ikaharibika. Akatafuta feni ya volti 24. Kisha akaona ya kwamba maji yenyewe hayapati moto wa kutosha. Moteri ya mazuti ikisimama bila kazi hutoa joto dogo, na baridi kali huipoza kupita haja yake. Akafunika uso wa radiata kubwa kwa turubai nene lenye kidirisha cha kufungua na kufunga. Kisha akaziba matundu yote ya sakafu, penye pedali na penye fimbo za gia. Hapo ndipo, alisema, aliposhangaa kuona hewa iliyokuwa ikiingia toka siku ile gari lilipozaliwa.

Jambo la mwisho lilikuwa robine mbili ndogo za shaba, moja kwa kila mpira, karibu na moteri. Yeye aliona ni fedha ya bure. Mkewe aliuliza: "Mpira ukipasuka njiani, utayafunga maji wapi?" Akazinunua, akinung'unika.

Tukaondoka kulipopambazuka. Ndani ya kabini niliweza kuvua glavu. Sisemi kulikuwa na joto, nasema niliweza kuvua glavu. Tulikwenda polepole, na kelele ilikuwa kubwa hata maongezi yakawa ya kupiga makelele. Baada ya kilometa 158 tulifika Haines Junction, chini ya milima ya St. Elias. Kuna kanisa dogo pale, Bibi Yetu wa Njia, lililojengwa mwaka 1954 kwa banda la chuma la askari, lile lenye mgongo kama pipa lililokatwa katikati. Katika nchi hiyo vitu vya jeshi havitupwi.

Barabara yenyewe ni kitu cha jeshi. Kabla ya mwaka 1942 haikuwapo. Wajapani walipokwisha kuipiga Pearl Harbor, Marekani iliogopa kwa ajili ya Alaska, ikapeleka askari zaidi ya 10,000 kukata njia katika msitu na milima, toka Dawson Creek hata Delta Junction, kilometa zaidi ya 2,200. Walianza Machi, wakakutana Oktoba mwaka ule ule. Karibu theluthi moja ya askari hao walikuwa watu weusi, wa vikosi vya 93, 95 na 97 na wengine, na wengi wao walitoka kusini ya Marekani, nchi ya pamba na jua. Wakati ule jeshi lilikuwa likiwatenga weusi na weupe, na jenerali mkuu wa Alaska, Simon Bolivar Buckner, hakutaka kuwapokea. Walilala katika mahema. Kamyo zao, za ukoo wa zamani kuliko hii yetu, hazikuzimwa usiku wala mchana baridi ilipozidi, maana moteri iliyolala haikuamka.

Tulisimama kidogo kwenye ziwa Kluane, jeupe toka ng'ambo hata ng'ambo. Juu yake pana mahali paitwapo Soldier's Summit, ambapo barabara ilifunguliwa rasmi tarehe 20 Novemba 1942. Mzee hakuzima moteri. Alinionyesha kwa mkono milima ya upande wa kushoto: mwaka 1943 nchi ile ilifanywa hifadhi ya wanyama, na wenyeji, Watutchone wa Kusini, wakakatazwa kuwinda mahali walipowinda babu zao. Mama yake alikuwa mmoja wao. Alisema hivyo akapanda kiti chake, wala hakuongeza neno.

Baada ya Burwash Landing barabara hugeuka kuwa mawimbi. Chini yake kuna udongo ulioganda tangu zamani za kale. Majani na kuvu vilivyokuwa juu yake vilikuwa kama blanketi. Askari walipoviondoa, barafu ya chini ikayeyuka, mashine zikazama. Hata leo njia inatitia hapa na kuinuka pale, na mafundi huirudia kila mwaka. Kamyo yetu ilirukaruka. Jiko la chuma, nyuma yetu, lilipiga ngoma ndani ya minyororo yake.

Ikiwa imebaki yapata kilometa 90, nilisikia harufu tamu, kisha miguu yangu ikaloa. Mvuke ulijaza kabini na papo hapo ukaganda kwenye vioo. Mzee alisimamisha gari, akatazama chini ya dashibodi: pete ya chuma inayobana mpira ilikuwa imelegea kwa mtikisiko. Maji ya moteri yalikuwa yanamwagika sakafuni; na moteri ikikosa maji hufa. Hakusema kitu. Alitoka, akafungua pua ya gari, na kwa mikono mitupu, kwa kuwa glavu zilikuwa nene, akazifunga robine mbili za shaba. Hesabu yangu ilikuwa ishirini. Akarudi amekunja vidole kwapani, uso umebadilika. Kisha tukamimina ndani ya radiata galoni moja ya akiba, maji yaliyochanganywa na dawa sehemu sita kwa kumi. Nusu kwa nusu, aliniambia, hugandia karibu digrii 37, na hiyo haitoshi huku.

"Moteri ni nzima," akasema. "Sisi ndio tutakaoona."

Saa mbili zilizofuata sitazisahau. Kipimo kilikuwa 41 chini ya sifuri, nasi tulikuwa nje, isipokuwa bila upepo. Nilipewa kazi moja: kukwangua kioo cha mbele kwa kipande cha plastiki, sehemu kubwa kama sahani, mbele ya macho ya dereva. Pumzi zetu zilikuwa zinaifunga tena kila dakika. Mguu ulioloa haukuwa wangu. Mzee aliniamuru niuvue kiatu, niufunge katika kofia yake ya akiba, niupige-pige. Hatukuwa mbali na Snag, mahali ambapo tarehe 3 Februari 1947 kipimo kilishuka hata 63 chini ya sifuri, baridi kupita yote iliyopata kuandikwa Kanada. Mzee alinipa habari hiyo kama mtu anayetaka kumfariji mgeni.

Kabla kidogo ya kijiji alinyosha kidole upande wa msitu. Karibu na hapo, tarehe 25 Oktoba 1942, tingatinga mbili zilikutana uso kwa uso zikiangusha miti: moja ikiendeshwa na koplo Refines Sims wa kikosi cha 97, mtu mweusi wa Philadelphia, nyingine na askari Alfred Jalufka wa kikosi cha 18, mzungu wa Texas. Walishikana mikono juu ya vyuma vyao, na picha ikaenda duniani. Miaka sita baadaye rais Truman alitoa amri ya kuondoa ubaguzi jeshini. Nilitazama kwa kidirisha changu cha sahani. Niliona miti myembamba na theluji.

Dada yake mzee alikuwa amesimama barazani na taa. Hakutusalimu kwanza, aliutazama mguu wangu, akanisukuma ndani kwa jirani, akauweka katika beseni ya maji ya vuguvugu, akimkemea kaka yake kwa lugha nisiyoijua. Vidole viliporudi viliuma hata machozi yakanitoka. Wanaume watatu waliliteremsha jiko, na kabla ya usiku wa manane bomba lake lilikuwa linatoa moshi juu ya nyumba yake mwenyewe.

Kulipokucha mzee alikuwa chini ya dashibodi na taa kinywani. Pete ile ya chuma aliitupa. Aliweka mbili mpya katika kila ncha ya mpira, akafungua robine, akangoja. Feni ikaanza kutoa hewa ya moto. Akaniambia niingie, lakini tusimwambie mkewe habari za robine hizo hadi atakapouliza.

Aliuliza mlangoni, hata kabla hatujashuka.