Abiria wa Mbamba Bay

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla lami haijafika ziwani, abiria wa meli aliyeingia Songea alijulikana kabla hajafungua kinywa. Vumbi jekundu la Umatengo lilikuwa limetua kwenye nyusi, shati alilovaa lilikuwa la joto la Nyasa, na swali lake la kwanza halikuhusu chakula wala kitanda. Aliuliza basi la Dar es Salaam linaondoka saa ngapi.

Shangazi yangu alikuwa na nyumba ya wageni yenye vyumba vichache huku Mfaranyaki, Songea. Mimi nilikuwa sekondari, na kila likizo kazi yangu ilikuwa kuchota maji ya kuoga, kuanika mashuka na kuwasindikiza wageni mjini. Wapangaji wa kawaida walikuwa wachuuzi wa dagaa, walimu waliohamishwa, na ndugu wa wagonjwa waliolazwa hospitali ya Peramiho. Lakini meli ikishatia nanga Mbamba Bay, baada ya siku moja au mbili tulipokea watu wa aina nyingine: Wazungu vijana wenye mabegi makubwa mgongoni, Wamalawi waliovuka kutoka Nkhata Bay, na watu wa Kyela waliokuwa na shughuli zao kusini. Wengi wao hawakuwa wamekusudia kuja Songea. Mji wetu ulikuwa njiani tu, nao ulipewa mchana mmoja na usiku mmoja.

Walifika wakiwa wamechoka. Meli zetu zilikuwa MV Songea na MV Iringa, zilizotoka Itungi kule Kyela na kushuka kusini zikigusa Lupingu, Manda na Liuli. Vituo vingi havikuwa na gati; abiria alishushiwa kwenye mtumbwi au boti pamoja na kuku na magunia, na upepo wa Mwera ukiamka, kushuka kwenyewe kulihitaji moyo. Waliopita Liuli mchana walituhadithia juu ya jiwe kubwa linalofanana na mnyama aliyelala. Wajerumani walipaita mahali pale Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe hilo. Hapo ndipo, Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mzinga. Manahodha wa meli hizo mbili walikuwa marafiki wa muda mrefu, na inasemekana yule Mjerumani alikuwa hata hajapata habari kwamba vita vimeanza.

Kutoka Mbamba Bay kulikuwa na Land Rover au lori. Lilipanda milima ya Umatengo, mgeni akitazama mashamba ya ngoro yaliyochimbwa kwa vishimo mteremko mzima, pamoja na mibuni ya Mbinga, halafu likaingia Songea. Masika, safari hiyo ya kilomita zipatazo 170 iliweza kula siku mbili, pamoja na kusukuma.

Shangazi alikuwa na utaratibu wake kwa watu hawa, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Cha kwanza ni tiketi. Kabla ya kuoga, kabla ya chai, mgeni alipelekwa stendi akate tiketi ya basi la alfajiri. Shangazi alisema mtu mwenye tiketi mfukoni anautazama mji kwa macho yake yote mawili, na asiye nayo ana jicho moja mjini na jingine stendi. Cha pili ni fedha. Ziwani hakukuwa na benki, kwa hiyo wengi walifika na dola zisizonunua hata andazi. Kama ni Jumamosi, ilibidi wakimbie kabla ya saa sita, maana Jumapili yote wangeshinda wakiziangalia. Cha tatu ni sweta. Ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Songea iko juu ya mita 1,000, na Juni ukungu wa Matogoro unashuka hadi barazani. Sweta la mtumba lilipatikana sokoni kwa bei ya sahani chache za ugali, na niliwaona wageni wakilivaa hadi Makambako.

Hayo yakiisha, mgeni alidhani sasa atatembea apendavyo. Alifungua ramani, akataja mlima Matogoro ambako mto Ruvuma unaanzia, akataja abasia ya Peramiho, akataja soko, mpira, na pango la Chandamali. Yote hayo alitaka kuyaona kabla jua halijazama. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Mwambie mwanangu, kwanza akapige hodi kwa wenye mji."

Wenye mji, kwake yeye, walikuwa Mahenge, pale penye Makumbusho ya Majimaji yaliyoanzishwa mwaka 1980. Pale kuna kaburi la pamoja la viongozi na wapiganaji wa Kingoni, zaidi ya 60, walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906, Nkosi Mputa Gama akiwa mmoja wao. Kando kuna kaburi la Nduna Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo jina la mji. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Shangazi hakuwa mtu wa hotuba. Hoja yake ilikuwa ya adabu tu: hupiti uani kwa mtu kwenda kuchuma maembe kabla hujamsalimu mwenye nyumba.

Nilipeleka watu pale mara nyingi, na nikaona jambo ambalo mwenyewe sikulitarajia. Mgeni aliyeanzia Mahenge aliuona mji uliobaki kwa namna nyingine. Akisikia kwamba baada ya vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907 njaa iliua watu wengi kuliko risasi, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa makusudi, basi magunia ya mahindi yaliyopangwa sokoni hayakuwa tena picha nzuri tu. Aliuliza bei, akauliza yanakwenda wapi, akauliza mvua. Wale walioanzia sokoni walipiga picha za nyanya.

Kuhusu picha, onyo lilikuwa moja na halikuwa na mjadala: kambi ya jeshi, uwanja wa ndege na madaraja, kamera ibaki mkobani. Na mtu yeyote, hata mama muuza karanga, aombwe kwanza.

Chakula kilifuata. Tuliwapeleka kwa mama ntilie karibu na stendi, ugali na maharage, au kisamvu kilichotiwa karanga, na togwa baridi pembeni. Aliyetaka samaki alipata mbasa, ambaye pengine alipanda kutoka ziwani kwa lori lilelile lililomleta yeye. Mchana wa Jumamosi au Jumapili, kama timu ya mpira ya Majimaji ilikuwa inacheza nyumbani, hatukuwa na haja ya kutafuta burudani nyingine. Timu ilikuwa imetwaa ubingwa mwaka 1985 na 1986, na uwanjani mgeni alijifunza ngoma ya lizombe kutoka kwa mashabiki bila mwalimu.

Peramiho na Matogoro shangazi alizikatalia. Peramiho iko kama kilomita 24, na wamisionari Wabenediktini wako pale tangu 1898. Kanisa, hospitali, karakana na kiwanda cha kupiga chapa si vitu vya kutazama huku umewasha gari. Mlima nao unataka asubuhi nzima na miguu iliyolala. Wapo waliokasirika. Wapo pia walioahirisha basi, wakalala usiku mwingine, na hao ndio waliotuandikia barua baadaye.

Miaka mingi baada ya hapo nilisoma jinsi abiria wa meli kubwa za starehe walivyokuwa wakipokelewa St Petersburg, kule Urusi: waliruhusiwa kukaa hadi saa 72 bila viza, mradi wafuatane na kampuni ya utalii iliyosajiliwa. Wengi walikimbizwa kutoka kasri moja hadi jingine, wakarudi melini na picha nyingi. Nikamkumbuka shangazi. Mji ule ni mkubwa mara nyingi kuliko wetu, lakini shida ya abiria ni ileile: saa ni chache, orodha ni ndefu, na hana mtu wa kumwambia aache nini.

Kulikuwa na wageni wa upande wa pili pia, waliotoka Dar wakielekea ziwani. Hao walishika ratiba ya meli iliyoandikwa kwenye vitabu vya safari, na sisi tuliwafundisha kuiweka chini. Habari za kweli za meli zilikuja na madereva wa malori ya dagaa. Dereva akisema ameiacha Manda, ulipiga hesabu ukafunga begi. Akisema hajaiona, uliongeza usiku mmoja na ukanunua biskuti na maji ya kutosha, kwa sababu ndani ya meli ungekula kilichobaki.

Siku hizi mambo yamebadilika. MV Songea na MV Iringa zimepumzishwa, na MV Mbeya II ilianza kazi mwaka 2021. Lami imefika Mbamba Bay, na mtu anaweza kunywa chai ziwani akala chakula cha mchana Songea bila vumbi hata kwenye viatu. Nyumba ya shangazi sasa ni maduka. Yeye alikwishatangulia mbele ya haki, hivyo hakuona Novemba 1, 2023, siku Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea. Yule naye alikuwa mgeni wa saa chache, na hakuanzia sokoni. Alikwenda Mahenge, akakutana na wajukuu wa akina Mbano, akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na Wajerumani. Sidhani shangazi angeshangaa. Angesema amefuata utaratibu.

Bado napigiwa simu na watu wanaoshuka Nyasa, wengi wao vijana wetu wa Dar na Arusha ambao hawajawahi kufika kusini. Nawapa mpangilio uleule: tiketi, fedha, sweta, halafu Mahenge, halafu chakula na soko. Fedha sasa iko kwenye simu, na stendi imehama kutoka katikati ya mji, kwa hiyo wapange muda wa bodaboda. Mmoja akiniuliza Peramiho au Matogoro, namwambia abadilishe tarehe ya tiketi na alale usiku wa pili.