Beni ya Chuo: Tuingie au Tusiingie?

Tulipokuwa chuoni tukisomea ushonaji, mtu na mdogo wake, tuliitwa kwenye beni ya chuo tupige ngoma za gwaride.

Moyo ulitaka. Beni tumeijua tangu utotoni, ikisindikiza harusi mitaani na sisi watoto nyuma yake. Lakini mazoezi yalikuwa kila siku baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi, na saa hizo ndizo tulizoshonea madera ya watu tupate ada. Sare nayo ilikuwa suruali ya kubana.

Mama hakutukataza. Alituambia tusali rakaa mbili za istikhara, kisha tukamuone mwalimu. Sare alikubali iwe ndefu na pana. Saa hakuweza kuzibadilisha, na ada hatukuwa na mtu mwingine wa kutulipia. Tukasema hapana. Siku ya gwaride tulisimama pembeni, roho zikatuuma kidogo, zikapoa.

Bi harusi mtarajiwa, utaitiwa mambo mengi mazuri. Uzuri wake usikutoshe. Uliza kwanza saa zake zitatoka wapi.