Alfajiri isiyopambazuka: Mkenya na mazoezi yake London

MGENI njoo mwenyeji apone, walinena wahenga. Lakini mgeni mwenyewe akianza kudhoofika, ni nani atakayemponya? Swali hili huwakabili Wakenya wengi wanaokwenda Uingereza kwa masomo au kazi, na hasa wauguzi, ambao nchi hizo mbili zilitia sahihi mkataba wa ajira yao mwaka wa 2021.

Muuguzi mmoja niliyekutana naye London alikuwa na desturi yake alipoishi Nakuru. Kila alfajiri, kabla ya watoto kuamka, alivaa raba akakimbia polepole hadi karibu na lango la mbuga ya wanyama na kurudi. Yeye si mwanariadha. Mamake na shangazi zake wawili wanaugua kisukari, naye aliapa kwamba ugonjwa huo hautampata akiwa ameketi.

Alifika London mwezi wa Novemba. Wiki ya pili desturi ikakatika.

“Dadangu, nilikuwa nangoja kupambazuke, na hakupambazuki!” aliniambia akicheka.

Ama kwa hakika hakutia chumvi nyingi. Sisi wa karibu na ikweta tumezoea jua linalochomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Kule, mwezi wa Desemba, huchomoza saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Mwenye zamu ya mchana huingia kazini gizani na kutoka gizani. Si ajabu kwamba wataalamu wa afya nchini humo huwashauri watu watumie mikrogramu 10 za vitamini D kila siku katika majira ya baridi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima. Jua tunalolikimbia hapa Nairobi, huko hununuliwa dukani likiwa vidonge!

Kufikia Februari sketi zake zilikuwa hazifungiki, na simu za nyumbani zimekuwa fupi. Hakutaka mamake asikie sauti yake ilivyochoka.

Mfanyakazi mwenzake ndiye aliyemwelekeza Bushy Park. Ukipanda gari moshi kutoka Waterloo na kushuka Teddington, utaifikia bustani hiyo kwa miguu. Ni kubwa ajabu, yapata hekta 445, nayo imo miongoni mwa zile zinazoitwa bustani za kifalme. Katikati yake hupita barabara ndefu iliyopandwa miti pande zote mbili, Chestnut Avenue, na kwenye dimbwi la maji husimama sanamu ijulikanayo kwa jina la Diana. (Diana huyu si yule bintimfalme aliyefariki mwaka wa 1997, bali mungu wa kike wa Warumi.) Kulungu huzurura humo bila ua. Mgeni huonywa asiwasogelee chini ya mita 50, na katika vuli, madume yanapopigania majike, ni heri kuongeza mita nyingine kadhaa.

Hapo ndipo zilipoanzia mbio za parkrun tarehe 2 Oktoba 2004, zikiwa na wakimbiaji 13 pekee. Leo hii idadi ya Jumamosi moja aghalabu hupita elfu moja. Ni kilomita tano, saa tatu asubuhi, bila kulipa hata senti. Unajiandikisha mara moja tu, kisha unakwenda na kikaratasi chenye mistari myeusi kama ile ya bidhaa za supamaketi. Mwenye kutembea anakaribishwa, na hupangwa mtu wa kuja nyuma kabisa ili asiwepo mgeni anayeona haya ya kuwa wa mwisho. Kwa maoni yangu, mpango huo wa mtu wa nyuma ndio uliowavuta wengi kuliko urembo wa miti.

Jambo ambalo muuguzi wetu hakulijua ni kwamba Wakenya walitangulia kuikanyaga nyasi ile. Katika miaka ya tisini, wanariadha wetu wengi waliishi Teddington wakati wa mashindano ya Ulaya. Miongoni mwao alikuwa Moses Kiptanui, mtu wa kwanza kukimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji chini ya dakika nane, mwaka wa 1995. Daniel Komen naye alikuwapo, yule ambaye rekodi yake ya mita 3,000 ya mwaka wa 1996 ilidumu hadi 2024. Mwaka wa 2005 kijana Mo Farah alihamia nyumba moja na wakimbiaji Wakenya huko huko, akajionea jinsi walivyokula, wakalala mapema na kukimbia, basi.

Nilipomsimulia hayo, dada huyo alisimama kidogo, mikono kiunoni, akaitazama barabara ya miti.

“Kumbe mimi ni wa nyumbani hapa,” akasema.

Asubuhi hiyo baridi ilikuwa ya kuuma masikio, naye alivaa glavu na kofia ya sufu. Alikimbia nusu ya njia, akatembea iliyobaki. Kisha, kabla hata ya kufuta jasho, alimpigia mamake simu, akamwacha asikie anavyohema.

Jumamosi iliyofuata alikuwa na zamu ya usiku. Alipanga kutoka wodini moja kwa moja hadi bustanini, raba zikiwa mkobani.