Gari Kuukuu la Matai

Aghalabu subira husifiwa na watu ambao hawajapata kufungua boliti iliyoshikwa na kutu. Sifa zao ni za haki, lakini hazisemi subira ni kazi gani. Kwao, mwenye subira ni mtu akaaye akangoja. Na hivyo ndivyo alivyodhaniwa mwalimu mmoja mstaafu wa Matai, makao makuu ya wilaya ya Kalambo, kwa muda wa miaka mitatu ambayo jioni zake alizimaliza ndani ya banda la matofali ya kuchoma, taa mkononi na magoti juu ya gunia. Wapita njia waliona gari lile lile, mahali pale pale, juu ya mawe yale yale manne. Kazi hawakuiona, kwa sababu kazi ya namna ile haionekani kutoka njiani.

Gari lenyewe ni Datsun 1600, na nyuma yake pana herufi tatu: SSS. Herufi hizo si pambo. Zilitiwa juu ya gari la familia lililopewa moyo wa gari la mashindano: injini ya sentimeta za ujazo 1,595 yenye kabureta mbili badala ya moja, breki za diski mbele, na magurudumu ya nyuma ambayo kila moja hulisikia shimo lake peke yake bila kumsumbua mwenzake. Vijana hulitazama umbo lake la sanduku wakacheka. Walakini mwaka wa 1970 gari la aina hii, mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, lilishinda Safari ya Afrika ya Mashariki, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1953 na ambayo tope lake na vumbi lake viliyavunja magari ya fahari zaidi. Mwaka uliofuata watu wawili hao walishinda tena, sasa katika Datsun 240Z. Na mwaka wa 1973 gari la namna hiyo hiyo lilimpa ushindi Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mtu aliyekuwa kijana katika miaka ile hakuhitaji kuelezwa maana ya herufi tatu.

Kaka yake mkubwa mwalimu alikuwa kijana katika miaka ile. Alikuwa dereva wa lori, akalipata gari hili likiwa limekwisha kupita katika mikono ya watu wengine, akalipenda kama watu wapendavyo kitu walichokingojea mno. Maradhi yalipomzidi alilisukumiza bandani, akalipandisha juu ya mawe, akafunga mlango. Hakuishi kuufungua tena. Zaidi ya miaka 20 ikapita. Kuku wakataga juu ya kiti cha nyuma, na panya wakaweka akiba ya mahindi mahali pa redio.

Siku moja katika masika akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Hili, Mwalimu, halipungui kilo mia tisa hivi. Nikilipima leo, leo hii nakuhesabia fedha yako.”

Kwa uzito hakukosea sana. Watu wa kazi ile wana jicho. Na mke wa mwalimu, aliyesikia yote kutoka jikoni, alikuwa na hoja yake, tena hoja njema. Paa la jiko lilivuja, na bei ya chuma kile ingeweza kununua mabati.

“Baba watoto,” alisema usiku ule, “mimi sina ugomvi na shemeji yangu aliyelala. Lakini mvua hainyeshi juu ya kaburi lake peke yake. Yanyesha jikoni pia. Nakupa mpaka mavuno. Injini ikikataa kuzunguka, mwite mwenye mizani.”

Mtu mwingine angeyaona maneno hayo kuwa magumu. Mwalimu aliyaona kuwa ya haki, akaanza kazi kesho yake, pamoja na mtoto wa marehemu, kijana aliyelelewa nyumbani mwake na ambaye baba yake alikufa yeye akiwa hajajua kusoma.

Injini ilikuwa imeshikana. Pistoni zilikuwa zimegandamana na silinda zake, na hapana ufunguo wa gari ambao ungeweza kusema nazo. Katika hali hiyo mtu hupimwa. Kijana alitoa shauri ambalo wengi wangelitoa:

“Baba mdogo, tuazime trekta tulivute. Likitiwa gia, litazunguka lenyewe.”

“Ama litazunguka, ama ringi zitavunjika. Wewe utajuaje kabla?”

Plagi nne zilifunguliwa. Katika kila tundu ikamiminwa dizeli iliyochanganywa na oili, kiasi cha vijiko vichache. Kila jioni spana iliwekwa juu ya nati kubwa iliyoko mbele ya injini, ikasukumwa kwa nguvu ya mkono mmoja, si zaidi, mbele na nyuma, kisha ikaachwa. Katika daftari la shule mwalimu aliandika tarehe, na mbele ya tarehe neno moja: Bado. Ukurasa mzima uliandikwa Bado. Msomaji asidhani kwamba jioni hizo zilikuwa tupu. Dizeli hupenya katika kutu polepole kama maji katika udongo mgumu, na mkono unaosukuma kila siku hujifunza tofauti kati ya chuma kinachokataa na chuma kinachofikiri. Jioni ya 19 spana ilisogea upana wa ukucha. Mwalimu hakupiga kelele wala hakuongeza nguvu. Aliirudisha spana ilipotoka, akaisogeza tena upana ule ule, akaenda kula. Baada ya wiki mbili nyingine injini ilizunguka duara kamili. Maharagwe yalikuwa hayajavunwa.

Hapo ndipo fundi mmoja wa Sumbawanga, mtu mwema na hodari, aliposhauri injini ya zamani iondolewe kabisa, iwekwe ya Toyota, ambayo vipuri vyake hupatikana kila duka. Shauri hilo lisidharauliwe. Kwa mtu anayetaka kufika sokoni, ndilo shauri la pekee. Lakini si kila kuukuu limechoka. Joginder Singh wa Kenya, fundi wa magari tangu ujana wake, alishinda Safari ya 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kushindana mwaka uliotangulia mikononi mwa wengine. Mwalimu alimshukuru fundi, akamlipa nauli yake, akarudi bandani.

Kazi iliyofuata ilikuwa kuinua kifuniko cha silinda. Injini ya namna hii ina mtego mmoja ambao umewaliza wengi. Valvu zake huendeshwa na mhimili ulioko juu, na mhimili huo huzungushwa na mnyororo mrefu utokao chini. Mnyororo hukazwa na kipande kidogo kinachosukumwa na springi, kilichofichika ndani. Ukiinua kifuniko bila kwanza kuubana mnyororo kwa kabari, kipande kile huruka kutoka mahali pake, na hapo hapana budi kufungua mbele yote ya injini ili kukirudisha. Kabari yenyewe ni kipande cha mti tu: kirefu, chembamba chini, kipana juu. Mwalimu alimpa kijana gogo la mninga na kisu, akamwonyesha umbo lake kwa chaki juu ya ukuta. Kabari ya kwanza ilikuwa nene, ikakataa kuingia. Ya pili ilikuwa laini mno ikateleza. Ya tatu ilishuka katikati ya mnyororo, ikakaa kimya kama iliyozaliwa humo.

Kifuniko kikainuliwa. Silinda tatu zilikuwa safi. Kuta zake zilifunikwa na oili ya zamani, nzito, rangi ya asali iliyokaa mtungini. Chini ya oili hiyo chuma kiling'aa. Silinda ya nne ndiyo iliyokuwa na kutu, ndiyo iliyoishika injini nzima, na sababu yake ilionekana upesi: injini iliposimama kwa mara ya mwisho, valvu ya silinda ile ilikuwa wazi, na hewa ya masika 20 ilipitia humo.

Kijana alitazama kwa muda mrefu.

“Baba mdogo, oili hii wewe uliitia?”

“Hapana. Yetu ilikuwa nyepesi, ina dizeli. Hii ni ya zamani.”

Maana yake haikuhitaji kutamkwa. Mtu mgonjwa, aliyejua kwamba hataendesha tena, alifungua plagi nne, akamimina oili silinda moja baada ya nyingine, akazifunga plagi, ndipo akafunga mlango wa banda. Hakumwambia mtu. Pengine aliona haya kusema.

Mbali kidogo chini ya uwanda wa Ufipa, katika bandari ya Kasanga, kwa miaka mingi ilikuwa ikipita meli ambayo maisha yake yanafanana na jambo hili. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikaungwa huko na kushushwa majini mwaka wa 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika isitwaliwe na adui. Lakini kwanza mainjinia wao walizipaka mashine zake grisi nene. Waliikusudia siku ya kurudi kwao. Hawakurudi. Waingereza ndio walioiopoa mwaka wa 1924, wakaikuta mashine ingali na uhai, na tarehe 16 Mei 1927 ilianza kazi upya kwa jina la Liemba. Grisi iliyopakwa kwa ajili ya mmoja ilimtumikia mwingine. Tofauti ni kwamba mainjinia wale walikuwa na tumaini la kurejea. Dereva wa Matai hakuwa nalo.

Juu ya miezi iliyofuata hapana haja ya kusema mengi. Silinda ya nne ilisuguliwa mpaka ikalingana na wenzake. Gasketi ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Sakafu iliyotoboka ilikatwa ikaungwa kwa bati jipya. Kila kipande kilisafishwa, kikatazamwa, kikasafishwa tena. Ufipa si nchi ngeni kwa uchungu huo: wahunzi wake wa zamani walipoyeyusha mawe katika ilungu, tanuru refu kuliko mtu, chuma kilichotoka kilikuwa bado kichafu, kikatiwa katika tanuru dogo liitwalo kintengwe na kuunguzwa mara ya pili ndipo kikafaa kwa jembe. Rangi ilikuja mwisho. Wapo waanzao na rangi, na magari yao hupendeza sana yakiwa yamesimama.

Kabureta mbili zilihitaji usikivu kuliko nguvu. Lazima zivute pumzi sawa. Na njia ya kujua ni kuweka ncha ya mpira mwembamba mdomoni mwa kabureta na ncha ya pili sikioni, kisha kuhamia ya pili, kurudi ya kwanza, mpaka mvumo uwe mmoja. Zaidi ya hayo, hewa ya uwanda ni nyepesi, hivyo petroli nayo hupunguzwa kwa kuipandisha nati iliyo chini ya kila kabureta, upande mmoja wa nati kwa mara moja. Mwalimu alifanya hivyo kwa majuma, akiandika katika daftari.

Paa la jiko liliezekwa mabati mwaka wa pili, kwa fedha ya maharagwe. Mwaka wa tatu, katika baridi ya Julai, gari lilishika barabara ya lami iendayo Kasanga. Kijana aliendesha, mwalimu alikaa kando yake, mkewe alikaa nyuma na kapu lake, kwa kuwa alikwisha kusema kwamba hendi kutalii bali anakwenda kununua migebuka. Walishuka mamia ya mita mpaka ziwani, mahali ambapo hewa ni nzito na jasho hutoka bila kazi. Karibu na bandari injini ilianza kusita na kukohoa kila ilipoombwa nguvu.

Kijana alisimamisha gari. Mwalimu alitia mkono mfukoni kutoa miwani, lakini boneti ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Kijana aliweka mpira sikioni, akasikiliza ya kwanza, akasikiliza ya pili, akaishusha kila nati upande mmoja. Mvumo ukatulia. Kisha akalichukua daftari kutoka chini ya kiti, akaandika tarehe, na mbele ya tarehe: Kasanga, chini upande mmoja.

“Je,” akauliza mama kutoka nyuma, “hilo buti halipitishi maji ya samaki?”